Waingereza wa Babu wa Abu Hamour

Mzee niliyekuwa nikimtunza mtaani Abu Hamour, hapa Doha, alikuwa na vita vimoja tu kichwani mwake, na hivyo vyenyewe watu wake walishindwa. Kila siku baada ya chai ya alasiri alivianza upya, utadhani jana hakuvisema, na mimi nilimwitikia ehe, ehe, utadhani jana sikuvisikia. Ndiyo kazi yangu. Watu hudhani kumtunza mzee ni kumwogesha na kumlisha. Kumwogesha mtu ni jambo dogo, ukishamzoea na yeye akishakuzoea. Kazi iko kwenye kusikiliza, na hiyo hakuna anayekufundisha chuoni.

Alikuwa Mwingereza, mwalimu wa historia aliyestaafu zamani. Alihamia Doha kwa sababu mwanawe wa pekee ni mhandisi huku, na kwao hakubaki mtu wa kumwangalia. Mwanawe alitoka tukiwa hatujamaliza uji na alirudi babake ameshapanda kitandani. Si mtu mbaya, simsemi vibaya, ila alikuwa akimtazama babake kama mtu anayetazama saa. Siku nzima nyumba ile ilikuwa na sisi wawili na mngurumo wa kiyoyozi.

Nilimwita Babu. Mwanzo nilimwita Sir, akasema neno hilo lilimchosha darasani, nimtafutie jingine. Nikamwambia kwetu Mombasa mzee wa umri wake ni Babu, akalipenda, akawa haitiki ukimwita vingine. Na yeye akaniita Binti, neno nililomfundisha mwenyewe, kisha akanikera nalo kutwa. Binti, miwani. Binti, dirisha. Binti, hebu kaa chini nikwambie habari za Lorient.

Lorient ni mji wa bandari huko Ufaransa, na vita vyenyewe ni vya karne ya kumi na nane. Waingereza walikuwa na jeshi zima limekaa melini halina pa kwenda. Lilikusanywa liende Kanada kupigana na Wafaransa, lakini pepo zikakataa, msimu ukapita, na wakubwa wakaona haya kuwarudisha watu wote wale makwao mikono mitupu. Basi wakaambiwa, nendeni pwani ya Ufaransa mkapige popote. Babu akifika hapo alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpigepige mgongo. "Popote, Binti. Ndiyo amri waliyopewa." Wakauchagua Lorient, ambako Wafaransa walikuwa wakiweka mali za meli zao za India. Ramani waliyokuwa nayo ilikuwa ya kununua dukani, ya Ufaransa nzima, na mji wenyewe humo hauzidi kidoa cha wino.

Alinieleza yote kwenye sinia ya chai. Kopo la sukari ndio mji. Birika ndiyo meli. Biskuti ndio askari, na kila alipofika mahali pa askari kuugua alichukua mmoja akamchovya kwenye chai akamla. Mvua ilinyesha mfululizo. Mizinga ilikwama matopeni. Walikuwa wamebeba tanuri la kupashia risasi za mizinga ziwe nyekundu, ziuchome mji, halafu mivukuto ya kuchochea huo moto wakaisahau. Hapo ndipo nilipokuwa nikimtania.

"Babu, hawa jamaa zako ni sawa na mtu aliyetoka kwenda kuchoma mahindi akaacha kipepeo nyumbani."

"Sawasawa kabisa," alisema. "Na mahindi yenyewe ya jirani."

Mwisho wa vita sikuujua. Dawa aliyokuwa akinywa alasiri ilimchukua pale pale kila siku, wakubwa wa Waingereza wakiwa wamekaa hemani wanashauriana waendelee au warudi. Kidevu kikaanguka kifuani, nikamfunika miguu, nikakusanya waliosalia wa jeshi lake na kuwarudisha kwenye kopo la biskuti. Nilijua wameshindwa kwa sababu yeye mwenyewe alinambia tangu mwanzo. Nikaona yatosha, mtu akishindwa ameshindwa, ya nini kutaka zaidi.

Isitoshe, na mimi nilikuwa na vita vyangu. Nilikuwa sisemi na mdogo wangu.

Mama alifariki Mombasa mimi nikiwa jikoni kwa Babu naponda viazi. Najua nilikuwa naponda viazi kwa sababu ndipo habari iliponikuta, kwenye simu, kwenye status ya binamu yangu. Picha ya mama amejifunga leso, chini yake maneno ya kumrejesha mja kwa Mola wake. Nilidhani ni mama wa mtu mwingine anayefanana naye, wallahi. Nikabonyeza picha ya pili. Watu wa mtaani kwetu wanatoka makaburini, wengine bado wanakung'uta mchanga mikononi, na katikati yao mdogo wangu na kofia yake nyeupe. Mama alikuwa ameshazikwa. Nami nilikuwa nauliza viazi viwe laini kiasi gani.

Mdogo wangu naye alikuwa wa Doha, mlinzi kwenye jumba moja la maduka. Likizo yake iliangukia wakati mama anaumwa, yangu ilikuwa imeshapita. Kwa hiyo yeye alikwenda, mimi nikabaki na simu mkononi. Siku za mwanzo alinipigia kila jioni, akamwekea mama simu sikioni tukasemezana. Halafu siku mbili kimya. Nikapiga, hapokei. Alinipigia yeye jioni ya ile siku ya status, mimi nimeshajua. Jina lake likatokea, nikaikata simu, nikaifunga namba yake asinipate tena.

Sikasiriki nusu. Mama alikuwa akisema mimi nikinuna hata paka wa nyumba huenda kula kwa jirani. Lakini kilichonichoma hayakuwa maziko. Kwetu maiti hacheleweshwi, hilo nalijua, na hata angeniambia roho inapotoka nisingewahi. Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka kujua kama mama alinitaja. Pale mwishoni kabisa, aliniulizia? Alijua sipo? Au alikwenda bila hata kunikumbuka, kwa maumivu aliyokuwa nayo? Mtu mmoja tu duniani alikuwa na jibu hilo, na ndiye niliyemfungia simu. Nilijua ni upumbavu. Kujua hakunisaidia kitu.

Likizo yake ilipokwisha alirudi Doha, tukawa mji mmoja na hatuonani. Mimi nakaa Al Mansoura, kwenye nyumba iliyogawanywa kwa mbao, wanawake watupu, kila mtu na pazia lake na sufuria lake lenye jina. Yeye kambi yao ilikuwa nje huko, mabasi mawili. Ramadhani ilipita. Nilifuturu kwa tende na maji, nimekaa kitandani, nasikia wenzangu upande wa pili wa mbao wakicheka na watu wao kwenye simu. Idi nayo ikapita. Nilivaa, nikarudi kutoka kuswali, nikavua, nikalala mchana kutwa. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa natamani siku za kazi, angalau huko kuna mtu wa kuniita Binti.

Babu mwenyewe aliniuliza siku moja, "Huna jamaa hapa Doha?"

Nikamwambia sina.

"Basi tuko sawa," akasema, na mwanawe alikuwa chumba cha pili.

Mwenzangu wa chumba ni Mkenya wa Kakamega, anasaidia wauguzi hospitalini, mcheshi, na haogopi hasira za mtu. Yeye alikuwa akikutana na mdogo wangu kule madukani akienda kununua vitu vyake, na kila akirudi alikuwa na salamu. Ndugu yako anakusalimia. Ndugu yako anauliza kama ile kikohozi iliisha. Mimi nikazirudisha zile salamu kama nilivyoletewa.

"Wewe dada wa Mombasa," aliniambia, "hiyo hasira utaikula na nini? Haina hata mchuzi."

"Nitaila kavu."

"Haya. Ikikukwama kwa koo usiniite."

Ulipita mwaka na zaidi. Kisha wiki moja, joto likiwa limeanza kupungua, akaniletea habari nyingine. Mdogo wangu anarudi Kenya, mara hii kabisa, mkataba umekwisha na hataki mwingine. Amesema Ijumaa atakuja Al Mansoura anione, ana neno la kuniambia.

"Aje," nikasema.

Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu nimelieleza mara nyingi kwa nafsi yangu na bado halinipi raha: nilikuwa nimeshaamua kumfungulia. Tangu Jumatano nilikuwa nimeamua. Nilijua ni neno gani analokuja nalo, halikuwepo jingine. Ijumaa ile wenzangu wote walikuwa wametoka. Nilifagia, nikaoga, nikafukiza udi ambao sikuwa nimeuwasha tangu msiba. Lakini sikutaka afunguliwe upesi. Mimi nilijua msiba kwenye status, naye aje leo afunguliwe mara moja akaribishwe na chai? Nilitaka asimame kwenye ule ujia usio na hewa, katikati ya viatu vya watu, aite akose, aite tena akose, aonje kidogo.

Ujue Doha imenizoesha vibaya. Hapa wanaoleta vyakula hubonyeza kengele mpaka utoke. Usipotoka hupiga simu. Usipopokea huanza kugonga mlango kwa ngumi, maana na wao wana haraka zao. Nimekaa miaka nasikia milango ikigongwa namna hiyo, nikadhani mtu anayekutaka kweli ndivyo afanyavyo.

Alikuja baada ya sala ya Ijumaa. Nilizijua hatua zake tangu kwenye ngazi, huburuta kidogo mguu wa kushoto. Hakubonyeza kengele.

"Hodi," akasema.

Tangu nimefika nchi hii mtu hajaniambia hodi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, mkono uko kwenye kitasa, na nikanyamaza.

"Hodi, dada."

Bado, nikajiambia. Bado kidogo.

Mara ya tatu aliita polepole, "Hodi hapa," ile sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Machozi yakaanza kunijia. Sikutaka anione hivyo, akadhani amenishinda kirahisi. Nikaenda kunawa uso. Nikajifuta kwa leso, nikajitazama kiooni, nikautengeneza uso uwe wa mtu aliyekasirika lakini si sana. Nikarudi, nikafungua. Ujia ulikuwa mtupu.

Nilisimama pale mlangoni nikingoja ya nne, nadhani amejibanza kwenye kona. Ndipo nilipokumbuka. Mama alitulea kwamba hodi ni tatu. Ukiitikiwa, ingia. Usipoitikiwa, mwenye nyumba ana udhuru wake, geuka urudi ulikotoka na usinune. Alitufinya masikio kwa jambo hilo, mimi na yeye. Ya nne, mama alikuwa akisema, ni ya askari. Na mdogo wangu ndiye aliyeshika mafunzo kuliko mimi. Aliita zake tatu kama alivyofundishwa akaondoka na adabu zake, na mimi nilikuwa nimekaa ndani namsubiri akose adabu. Jirani mmoja Mfilipino alipita na ndoo yake, akaniuliza kama nimefungiwa nje.

Nilikimbilia dirishani. Nilimwona chini, amevuka barabara, kanzu yake imeshika jasho mgongoni, anatembea bila haraka. Madirisha ya jengo letu hayafunguki, yametiwa gundi kwa ajili ya vumbi. Nikagonga kioo kwa kiganja, nikagonga kwa pete. Magari yanapita, nani asikie. Ngazi ningeweza kuzishuka, kweli. Kichwa kilikuwa wazi, nimevaa dera la nyumbani, na kabla sijapata buibui alikuwa ameshapotea. Nikajiambia basi, atarudi Ijumaa ijayo. Aliyekuja mara moja atakuja ya pili.

Ijumaa ya pili nilipika. Nilikanda mahamri tangu alfajiri, nikachemsha mbaazi, nikatia nazi ya kopo kwa sababu ndiyo iliyopo. Mlango niliuacha wazi kabisa, nimeuwekea kandambili usijifunge. Wenzangu wakalalamika kwamba baridi yote inatoka nje. Nikawaambia leo vumilieni. Kila aliyepita ujiani alinitazama nimekaa kwenye kiti nikitazamana na mlango, nimevaa vizuri, mikono magotini. Wa kuleta vyakula alidhani ni mimi niliyeagiza. Sala ya Ijumaa ikatoka, alasiri ikafika, mbaazi zikashika utando juu.

Mwenzangu wa Kakamega alirudi kutoka zamu yake na viatu mkononi.

"Unangoja nani?"

"Mdogo wangu."

Akaviweka viatu chini. Akakaa kitandani kwangu, na yeye hakai kitandani kwangu.

"Lakini si alisafiri ile Ijumaa? Nilimpata hapo ng'ambo ya barabara akichukua begi yake kwa mlinzi. Alikuwa ameiacha hapo apande kukuona, halafu aende airport. Mimi nilidhani mmeagana."

Nilikula hamri moja, nikala la pili, hata sijui ladha yake. Mengine nilimpa yeye apeleke kazini.

Na bado sikupiga simu. Hapo mtu atauliza, sasa ulikuwa unangoja nini? Niliifungua ile namba, nikaliangalia jina, nikaiacha. Kwanza ilikuwa hasira, sasa ilikuwa aibu, na aibu ina kiburi chake. Nilijiambia, aliyeondoka ndiye apige. Nilipiga hesabu zangu hivi: yeye anajua mlango uliko, anajua nilikuwa ndani, akinitaka atanitafuta. Kila asubuhi basi lilinipeleka Abu Hamour na ndege zinapita juu zikipanda, na kila moja niliitazama kana kwamba ndiyo ile iliyombeba, wakati yeye alikuwa ameshafika kwetu siku nyingi anakunywa maji ya madafu. Nilimkasirikia hata kwa hayo madafu.

Jumapili moja daktari alikuja kumwona Babu akaifuta ile dawa ya alasiri. Nilitayarisha chai kama kawaida, yeye akapanga jeshi lake, mimi nikaanza ehe zangu. Pepo zikakataa. Popote, Binti. Ramani ya dukani. Mivukuto. Wakubwa wakaingia hemani kushauriana. Nikainuka nichukue blanketi.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Sijamaliza."

Nikamtazama. Macho kodo, kidevu juu. Nikakaa.

"Wakakubaliana warudi," akasema. "Watu wanaumwa, mvua haikatiki, mji una ukuta, na ndani ya ukuta, kwa walivyodhani, kuna maelfu wanangoja. Wakaiacha mizinga yao matopeni, wakashuka pwani, wakapanda meli." Akalirudisha jeshi lote lililobaki kwenye birika, biskuti moja moja. Kisha akakishika kifuniko cha kopo la sukari. "Sasa, Binti. Mle ndani ya mji walikuwa na hofu kuliko hao wa nje. Walikuwa wameshakata shauri. Wanausalimisha mji. Wakapiga ngoma, ile ngoma ya kuomba mapatano. Wakafungua lango watoke."

Akafunua kopo.

"Hakuna mtu," akasema. "Uwanja mtupu. Matope na mizinga. Wameondoka punde tu."

Alifurahi mno kufika mwisho. Nadhani ilikuwa miaka tangu mtu amwache afike. Alinitazama aone nitacheka wapi, na mimi nilikuwa nimeinamia sinia nalia, kilio cha sauti, kamasi na kila kitu, mbele ya mgonjwa, jambo nililokatazwa siku ya kwanza ya kazi.

"Oh, Binti," akasema. Akaninyooshea leso yake ya mfukoni. "Usiwalilie. Wengi wao walifika kwao salama."

Nilipopata sauti nikamwuliza, "Hao wa ndani. Zile ngoma, wa nje hawakuzisikia?"

"Walikuwa wameshakwenda. Na mtu wa nje atajuaje ya ndani? Yeye haoni ila ukuta."

"Kwa nini hawakumtuma mtu awakimbilie?"

Nilimwona akilifikiria. Alikuwa amevifundisha vita vile maisha yake yote na nadhani swali hilo mwanafunzi hakuwahi kumwuliza, kwa sababu ni swali la kijinga.

"Awakimbilie awaambie nini? Rudini, tulikuwa tunafungua?" Akaanza kucheka. "Hakuna mji uliofanya hivyo, Binti. Wao walimshukuru Mungu wao wakafanya sherehe."

"Mimi si mji, Babu."

Hakunielewa, na sikumweleza. Nilimwomba ruhusa niende jikoni mara moja. Akasema nenda, uniletee na askari wengine, hawa wamelowa.

Nilisimama karibu na friji nikapiga. Simu haikulia sana.

"Dada," akasema.

Sikumsalimu. Nilikuwa na salamu nyingi nimezipanga tangu mwaka jana, za makali na za upole, zote zikapotea. "Nilikuwa nafungua," nikasema. "Ile Ijumaa. Nilikwenda kunawa uso. Nilikuwa nafungua."

Nyuma yake nikasikia kuku, na mtu anakuna nazi.

"Nilijua uko ndani," akasema. "Nilisikia harufu ya udi."

"Sasa mbona hukuita tena?"

"Ya nne, dada?"

Tukacheka kidogo, wote wawili, kicheko kibovu. Kisha kikakatika, na mimi nikaona nikikawia sitauliza tena maishani.

"Mama alinitaja?"

Nilimsikia akisogea mbali na wale kuku.

"Ndilo nililokuja nalo," akasema. "Sikutaka kulisema kwenye simu."

"Liseme."

"Siku ile macho yalikuwa hayaoni vizuri tena. Alikuulizia tangu asubuhi. Nikimwambia dada yuko Doha kazini, baada ya kidogo anauliza tena. Yuko wapi, hajafika. Kutwa nzima, dada. Alasiri nikashindwa. Nikamwambia umefika."

Nikauegemea mlango wa friji.

"Nikamwambia uko hapo nje, unavua viatu. Ndiyo maana ulipopiga sikupokea. Ningepokea ungelia, na chumba unakijua kilivyo kidogo, angesikia uko mbali. Baadaye nikaogopa kukwambia nimemdanganya kwa jina lako. Siku hiyo ikapita, na ya pili ikapita."

"Akasema nini?"

"Aligeuza kichwa akatazama mlango. Akasema, karibu mwanangu, pita."

Akapenga kamasi. Nikamngoja.

"Akangoja, dada. Alingoja sana. Kisha akanishika mkono akaniuliza, mbona haingii? Nikamwambia anakuja. Hakusema neno jingine tena."

Sikukata simu, na yeye hakukata.